Inception: Tumegombania Pia Miaka Yote Hii, Sasa Twendeni Kwenye Korido

Kuna muvi ukiitaja tu mbele ya watu wanaopenda sayansi bunilizi, sentensi huimalizi. Inception ni mojawapo. Ilitoka Julai 2010, watoto waliozaliwa mwaka ule washaanza kuota ndevu, na bado watu wanarushiana maneno kwa mambo yale yale mawili: kwanza, ile pia anayoizungusha steringi mwishoni, ilianguka au iliendelea kuzunguka, yani yuko macho au bado anaota? Pili, dairekta wake Christopher Nolan alimkopi Mjapani Satoshi Kon na katuni yake Paprika, au hakukopi?

Msimamo wangu nauweka mapema ili anayetaka kununa anune kabisa. Ugomvi wa kwanza hauishi kwa sababu kipimo chenyewe ni kibovu, na muvi ilishatuambia kuwa ni kibovu ila sisi tulikuwa bize na milipuko. Ugomvi wa pili una uzito sana tu, shida ni ushahidi wanaouleta watu, picha mbili zimebandikwa pembeni kwa pembeni na mshale mwekundu, basi kesi imefungwa. Hivyo sivyo unavyojua kama mtu kaathiriwa na mwenzake.

Kwa aliyesahau stori, kwa kifupi: Cobb (Leonardo DiCaprio) ni mwizi anayeingia kwenye ndoto za watu kuiba siri, hawezi kurudi kwao Marekani kwa sababu anatuhumiwa kumuua mke wake Mal, sasa tajiri mmoja anaitwa Saito anampa dili, safari hii asiibe wazo ila akapande wazo kwenye kichwa cha mrithi wa kampuni pinzani ili aivunje kampuni ya baba yake, akifanikiwa kesi inafutwa anarudi kwa watoto wake. Basi wanashuka ndoto ndani ya ndoto ndani ya ndoto, na kila ukishuka ngazi moja muda unarefuka. Mashabiki wa hesabu hapa ndo kwao. Safari ya ndege ni masaa 10, dawa ya usingizi inazidisha muda mara 20, kwa hiyo ngazi ya kwanza ni kama wiki, ya pili miezi sita, ya tatu miaka kumi hivi. Piga mwenyewe, inakuja vizuri kabisa, na hapo ndo utajua Nolan ni mtu wa namna gani, huyu ndoto zake zina ratiba.

Haya, pia.

Totemu kwenye muvi ni kitu kidogo unachotembea nacho mfukoni ili ujue kama hauko ndani ya ndoto ya mtu mwingine. Arthur, yule jamaa nadhifu wa suti, ana dadu lake, na anapomfundisha yule binti mgeni, Ariadne, anakataa hata asilishike, kwa sababu uzito wake na namna linavyoegemea anajua yeye peke yake. Ukilijua na wewe unaweza kuliigiza kwenye ndoto unayomtengenezea, na hapo linakuwa halina kazi tena. Sawa, sheria imeeleweka. Sasa nenda kwenye ile sini Ariadne anachonga kete yake ya chesi pale kwenye banda la kazi. Cobb anamsogelea, wanaongea, na yeye mwenyewe kwa mdomo wake anamwambia kwamba ile pia ilikuwa ya Mal, na kwamba Mal akiizungusha ndani ya ndoto haianguki kamwe. Yani kampa kila kitu. Anayemwambia ni fundi ramani, mtu ambaye kazi yake ni kuchora ndoto! Afu totemu yenyewe sio yake, ni ya marehemu mkewe, ambaye kivuli chake ndo kinamvurugia kila kazi.

Kwa hiyo hata ingeanguka pale mwisho, mbele ya macho yetu, kwa kishindo, ingethibitisha nini? Kwa sheria za muvi yenyewe, hakuna. Mtu yeyote anayejua namna ile pia inavyofanya kazi anaweza kuiangusha kwenye ndoto aliyoichora. Miaka yote hii tunasubiri jibu kwa shahidi ambaye alishaharibiwa kabla kesi haijaanza.

Wapo walioliona hilo wakahamia kwenye pete, na hawa nawaheshimu. Wanasema angalia mkono wa kushoto wa Cobb: akiwa ndotoni ana pete ya ndoa, akiwa macho hana. Ukirudia muvi nzima ukiangalia kidole tu, inashika, na pale uwanja wa ndege mwishoni kidole kiko kitupu. Wengine wakaenda kwa watoto, wakasema mbona wamevaa nguo zile zile na wamekaa mkao ule ule aliokuwa anaukumbuka? Kumbe orodha ya waigizaji inayopita mwishoni mwa muvi ina watoto wa umri tofauti, wale wa kwenye kumbukumbu na wale wa mwisho waliokua kidogo, na aliyebuni mavazi, Jeffrey Kurland, alishasema nguo zinafanana ila sio zile zile. Michael Caine naye kaja kumwaga petroli, alisimulia mwaka 2018 kwamba aliposhindwa kuelewa skripti alimuuliza Nolan, akajibiwa kwamba sini zote aliyomo yeye ni za kweli. Na yeye yumo kwenye ya mwisho. Watu wakashangilia, kesi imeisha!

Mi sikushangilia. Dairekta anapompa muigizaji kitu cha kushika ili acheze vizuri, hicho ni kifaa cha kazi, huwezi kukifanya hukumu. Nolan mwenyewe akizungumza na wahitimu wa Princeton mwaka 2015 alisema Cobb pale mwisho keshaacha kujali, yuko na watoto wake, na kwamba yeye kwenye maonyesho huwa anatoka kwa mlango wa nyuma kabla hajadakwa maana watu hupiga ukelele wa kulalamika picha inapokatika. Muangalie Cobb: anaizungusha pia mezani, afu anaondoka. Haiangalii. Anayebaki kuikodolea ni kamera, na sisi. Kuna watu kutoka hapo wanajenga ile hoja ya kwamba muvi imetupanda wazo kichwani kama Cobb anavyopanda, nishaisoma mara nyingi, ni nzuri kuisikia ila rahisi mno, kila muvi yenye mwisho wa utata ungeweza kuisemea hivyo hivyo.

Sasa kuna ushahidi mmoja ambao wasemao Kiswahili tungeudai kuwa wetu na sijui kwa nini tunauchukulia poa. Mombasa. Cobb anaenda Mombasa kumtafuta Eames amuingize kwenye timu, anafukuzwa na watu wenye silaha, anakimbia vichochoroni, anafika kwenye uchochoro mwembamba hadi inabidi apite kiubavu ubavu, kuta zimembana kama meno yanayotafuna, anajisukuma, afu anachomoka na gari la Saito lipo pale pale linamsubiri. Wale wanaoamini muvi nzima ni ndoto wanaipenda hii sini kuliko zote, wanasema huo ni ukimbiaji wa jinamizi, kuta zinakukaba, wanaokufukuza huwajui, msaada unatokea tu kama umeagizwa. Na baadaye kule chini kabisa Mal anamtupia hilo hilo usoni, kwamba anafukuzwa dunia nzima na makampuni na polisi wasio na sura, haoni kama hiyo ni ndoto?

Ila ile Mombasa ilipigwa Tangier, Morocco. Anayeijua Mombasa hahitaji kuambiwa, anaona mji unaoitwa Mombasa ambao sio Mombasa, masikio yanaambiwa hivi na macho yanakataa. Mtazamaji wa mbali anapita kama hajaona kitu, wewe unakaa pale unajiuliza hawa wanamdanganya nani. Najua sababu ni za kawaida tu za utengenezaji, vibali na bajeti na mwanga, wala sidai Nolan aliweka kidokezo. Nachosema ni kwamba kama mnatafuta mahali ambapo "dunia halisi" ya muvi inaonyesha nyuzi, hapo zimening'inia kabisa, na sisi ndo tulikuwa wa kwanza kustahili kuziona.

Kabla sijafika kwa Kon niwape mashabiki sifa yao, maana sio kelele tu. Kwenye muvi, timu inatumia wimbo wa mwimbaji Mfaransa Édith Piaf, Non, je ne regrette rien, kama saa ya kuamsha: ukipigwa masikioni mwa aliyelala, ndani ya ndoto unasikika umevutika, mzito, na wanajua muda umeisha. Muvi ilipokuwa bado kwenye kumbi watu wakachukua wimbo ule wakaupunguza spidi, wakasikia zile tarumbeta nzito za mziki wa muvi uliotungwa na Hans Zimmer, lile buuum lililokuja kuibiwa na kila trela iliyofuata. Zimmer akakubali, ndiyo, kaupanga mziki wake juu ya wimbo ule uliopunguzwa. Yani mziki unatii sheria ile ile ya muda, ukishuka unarefuka. Na ukikaa mpaka majina yaishe, unamsikia Piaf kwa spidi yake ya kawaida, kama vile ni zamu yako kuamshwa. Hicho ndo kiwango cha ushabiki ninachokiongelea, mtu amesikiliza kitu kilichomo ndani ya muvi akaonyesha kinavyofanya kazi. (Watu pia walihisi Marion Cotillard, anayecheza Mal, kawekwa makusudi kwa sababu aliwahi kumuigiza Piaf akashinda Oscar. Hapana, wimbo ulikuwepo kwenye skripti kabla hajachukuliwa, na Nolan nusura auondoe kwa sababu hiyo.)

Haya, Paprika. Anime (katuni ya Kijapani) ya Satoshi Kon ya 2006, dakika 90, imetoka kwenye riwaya ya Yasutaka Tsutsui ya 1993. Kuna kifaa kinaitwa DC Mini, madaktari wanakitumia kuingia kwenye ndoto za wagonjwa, kinaibiwa, ndoto zinaanza kumwagikia kwenye dunia. Wanaosema Nolan kakopi wana vitu vitatu mkononi: korido linalopinda, lifti ambayo kila ghorofa ni dunia nyingine, na hewa inayovunjika kama kioo mwanamke akiigusa. Vyote vitatu vimo Inception, lifti ya Cobb ina kumbukumbu zake ghorofa kwa ghorofa, na Ariadne anavunja vioo kwa kiganja pale kwenye daraja la Paris. Kusema ni bahati tu vyote vitatu, mi siwezi, ningekuwa naongopa. Hasa ile ya kioo, mkono ule ule, nyufa zile zile.

Lakini chukua korido, tena chukua taratibu. Kwenye Paprika kuna mpelelezi anaitwa Konakawa, kila akilala anajikuta kwenye korido jekundu, mtu kapigwa risasi, muuaji anakimbia, Konakawa anamfukuza na sakafu inaanza kulegea, kuta zinayumba kama kitambaa, miguu haipati pa kukanyaga. Kwa nini linalegea? Kwa sababu ya dhamiri yake. Kuna rafiki wa ujanani walikuwa wanatengeneza naye filamu, akaiacha njiani, rafiki akafa, na yeye anajiona ndo muuaji na ndo muuawa. Korido linayeyuka kwa sababu mtu anayeyuka.

Njoo kwa Nolan. Arthur anapigana kwenye korido la hoteli, korido linazunguka, ukuta unakuwa sakafu, sakafu inakuwa dari. Kwa nini linazunguka? Kwa sababu ngazi ya juu gari walilolalia linabiringika. Basi. Hakuna dhamiri hapo wala majuto, kuna fizikia. Na alivyolipiga ni hivyo hivyo, wakajenga korido la kweli la kama mita 30 ndani ya banda la ndege-puto kule Cardington, Uingereza, likawekwa kwenye mapete makubwa na mota za umeme likazungushwa, Joseph Gordon-Levitt akawa anakimbia humo mwenyewe. Hiyo haitoki kwa Kon. Nolan kaitaja mwenyewe 2001: A Space Odyssey, muvi ya Stanley Kubrick ya 1968, yenye gurudumu la chombo cha anga lililojengwa likazungushwa kweli, na ukitaka kurudi nyuma zaidi mwaka 1951 Fred Astaire alishacheza dansi ukutani na darini kwenye chumba kinachozunguka. Mwenye mshale mwekundu anaona makorido mawili yaliyopinda, mi naona moja limepindwa na majuto na lingine limepindwa na mota.

Na hiyo ndo tofauti ya muvi nzima. Ndoto za Kon zinatembea kama ndoto, sentensi inaanza kwa daktari anayeongea kwa heshima inaishia kwenye gwaride la friji na vyura wanaopuliza tarumbeta, huoni mshono. Ndoto za Nolan zina mpango kazi: nani kalala wapi, mshtuko wa kuwaamsha unakuja dakika gani, nani mwenye ndoto. Ndo maana mashabiki wanaweza kumkamata kwenye makosa ya hesabu, kama lile maarufu la kwamba gari likiwa linaanguka hotelini watu wanaelea, sasa mbona kwenye theluji ngazi inayofuata hawaelei? Swali kama hilo kwa Paprika halipo, ungeonekana kichekesho. Nolan katengeneza muvi ya wizi, ile ya kukusanya timu na kuchora ramani na mambo kuharibika katikati, akaibadilisha benki ikawa kichwa cha mtu. Kwangu mimi Paprika inajua zaidi kuota ni nini, na Inception inajua zaidi kumkalisha mtu kwenye ukingo wa kiti, na sioni aibu kusema naipenda Paprika zaidi.

Orodha ya wanaodai fungu ni ndefu kuliko hapo. Wale wa The Matrix na Dark City, ambao Nolan hakuwakatalia, alishasema wazo la Inception lilianza kipindi kile kile cha mwishoni mwa miaka ya tisini. Wa hadithi fupi za Jorge Luis Borges, sawa, hilo nalo kalitaja. Wa zile ngazi za kukanyaga zinazopanda bila mwisho: hizo ni za Lionel na Roger Penrose, waliziandika 1958, mchoraji Escher akazichora 1960. Ngome ya theluji yote ni James Bond wa 1969, Nolan ndo Bond anayempenda kuliko wote na wala hajaficha. Afu kuna wanaoshikilia kitabu cha katuni cha Don Rosa cha 2002, ambapo majambazi wanaingia na mashine kwenye ndoto ya mjomba tajiri wa Donald Duck wakamuibie namba za siri za ghala la pesa, na ukidondoka nje ya ndoto unaamka! Nilipokisoma nilicheka peke yangu. Kama hoja ni kufanana kwa vipengele, basi bata kashinda, kawashinda mpaka Wajapani. Ila hakuna anayepeleka kesi ya bata kwa sauti kubwa, kwa sababu bata hana mashabiki wenye kidonda.

Mashabiki wa Kon wana kidonda, na hapo nawaelewa. Inception ilitengenezwa kwa dola milioni 160, ikaingiza zaidi ya milioni 800, ikabeba Oscar 4. Ilitoka tarehe 16 Julai 2010. Kon alifariki tarehe 24 Agosti mwaka ule ule, saratani ya kongosho, miaka 46, filamu yake ya mwisho haijaisha. Ukiweka tarehe hizo mbili karibu unaona kwa nini mtu anapandisha hasira akisikia Inception ikiitwa wazo ambalo halijawahi kutokea duniani. Hasira hiyo ielekezwe kwa waliosema hivyo, maana walioandika "halijawahi kutokea" ni watu wa matangazo na wachambuzi wavivu.

Kinachonichekesha ni kwamba Kon mwenyewe angekuwa mtu wa mwisho kuwaelewa wanaopiga mishale myekundu. Ndoto za Konakawa zimejengwa kwa sinema za watu: kuna sarakasi, kuna Tarzan anabembea kwenye mizizi, kuna ngumi ndani ya behewa la treni ambazo aliyeona Bond wa 1963 anazijua hapo hapo. Yani tuna Bond wa 1963 kwa Kon na Bond wa 1969 kwa Nolan, wote wawili wamechota kisima kimoja na hilo sijaona likibandikwa mshale. Mwishoni Konakawa anaenda sinema, ukutani kuna mabango ya filamu za Kon mwenyewe za nyuma, anakata tiketi moja ya mtu mzima anaingia.

Kama hujaziona zote mbili, anza na Paprika. Ukianza na Inception, ukija kwa Paprika utakaa dakika 90 zote unamsubiri Kon akueleze sheria, na Kon hana mpango huo.